Damu ya Mume Wangu Kwenye Friza

Mume wangu ni mtu wa kulalamika. Naanza na hilo kwa sababu usipolijua utaniona mwendawazimu huko mbele. Analalamikia joto la Penrith, huku Australia tunakoishi, analalamikia treni, analalamikia chai ikiwa na majani mengi na vilevile ikiwa na machache. Analalamikia bosi wake kule ghalani Wetherill Park, na akiwa likizo analalamika kwamba hana cha kufanya. Nimeishi naye miaka mingi, nimezoea. Sauti ile ikinyamaza ndani ya nyumba, najua kuna jambo.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakilalamikii kamwe, nacho ni mwili wake. Hilo alifundishwa kanisani. Kanisa letu lilikuwa likikutana katika ukumbi wa kukodi pale Seven Hills, Wakongomani wengi, Wakenya kiasi, familia kadhaa za Warundi, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mtu na chake. Pale hatusemi "naumwa." Ukisema unaumwa umeukiri ugonjwa, na ukiukiri umeukaribisha, umeuvutia kiti na kuumiminia chai. Kichwa kinakupasuka, mtu anakujulia hali, unamwambia umebarikiwa. Nimekaa kwenye viti vile vya plastiki Jumapili nyingi nikisikiliza watu wenye mafua wakiyakana mafua yao kwa sauti za mafua, na nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Siku hizi sicheki.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, watoto wetu bado wako shule, walipomkuta na uvimbe kwenye utumbo mpana. Madaktari walisema ni wa kukatwa, kipande kirefu cha utumbo kitoke, kisha ncha mbili zilizobaki ziunganishwe na kushonwa. Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa huku kwetu magharibi, kubwa, safi, na watu wake wengi walikuwa wema, jambo ambalo halikunipunguzia hasira hata chembe.

Siku alipokwenda kupimwa kabla ya upasuaji, alikuja daktari mmoja kijana, mwanamke mwenye nywele alizozifunga nyuma, akauliza kama angeweza kuzungumza nasi juu ya utafiti. Alikaa chini kabisa, hakusimama mlangoni kama wengine. Alitueleza kwamba baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo baadhi ya wagonjwa hupata maambukizi yasiyokaa mahali pamoja. Mwili unayapiga vita bila mpango mpaka unajiumiza wenyewe, na viungo vinaanza kuzimika, figo, mapafu, moyo. Wanaiita sepsisi. Ubaya wake, alisema, ni kwamba homa ikishaonekana na presha ikishashuka, mara nyingi muda umekwisha kupotea. Lakini damu huenda inabadilika mapema, kabla mgonjwa hajaonekana mgonjwa. Kuna vitu ndani yake vinavyoanza kupanda. Aliviita viashiria vya mapema, na kazi yao ilikuwa kujua ni vipi kati ya hivyo vya kuaminika. Wangechukua kichupa cha damu kabla ya upasuaji, na kingine kila asubuhi baada yake.

Mume wangu alifurahi mno. Alisema Australia nzima haijawahi kumuuliza chochote zaidi ya leseni ya foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani, na leo wanataka damu yake kwa heshima. Alitia sahihi, akamwambia daktari achukue hata ndoo. Kazini aliwaambia wenzake wote kwamba damu yake inafanyiwa sayansi.

Mimi nilielewa nilivyoelewa. Nilielewa kwamba kila asubuhi kutakuwa na mtu anaiangalia damu ya mume wangu, na siku damu ile ikisema vibaya, mtu huyo atakuja mbio. Hakuna aliyenidanganya. Bila shaka daktari yule alisema mambo yalivyo, na bila shaka niliitikia kwa kichwa. Lakini hivyo ndivyo nilivyosikia, na nilipolala usiku wa kabla ya upasuaji nililala usingizi mzuri kwa sababu hiyo.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake nilimkuta analalamika. Mto ni mgumu, jirani anafungua televisheni kwa sauti, jeli ya hospitali ina ladha ya sabuni. Walikuwa wamempa kitufe cha kubonyeza akisikia maumivu, dawa iingie yenyewe mshipani, na hata hicho alilalamika kwamba kinachelewa. Nilirudi nyumbani na moyo mweupe.

Jioni ya siku ya pili ndipo mchungaji alipokuja, na ndugu wanne wa kanisani, wamepitia hapo kutoka kazini na vizibao vyao vya kung'aa. Mchungaji wetu alikuwa Mkongomani, siku za wiki alifanya kazi ghala moja na mume wangu. Lazima niwe mkweli juu yake. Ndiye aliyemtafutia mume wangu kazi ile tulipokuwa hatujui mtu. Wiki ile nzima ndiye aliyewapeleka watoto wangu shule kwa gari lake ili mimi nikae hospitali. Ndiyo maana hasira yangu kwake haijawahi kupata mahali pazuri pa kukaa.

Walimzunguka kitandani wakaomba kwa muda mrefu. Kisha mchungaji aliinama, akamshika mkono wenye sindano.

"Ndugu, wewe iko mzima tayari," alimwambia. "Kinywa yako isiseme kitu ingine. Hapa watakuuliza, watakuuliza. Wewe ujibu imani."

Dakika ileile nesi aliingia kupima, kana kwamba wamepangana. Katika hospitali zile hawakuulizi kama unaumwa. Wanakuuliza maumivu ni mangapi, kutoka sifuri mpaka kumi. Mume wangu aliwatazama wenziwe, akasema sifuri. Akaongeza kwa Kiingereza kwamba amepona. Ndugu wakaitikia amina, nesi akacheka kwa upole, akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na niliona kitufe cha dawa kimesukumwa chini ya mto, lakini nilidhani kimeteleza tu.

Asubuhi iliyofuata nilimletea uji wa wimbi kwenye chupa, maana daktari alikuwa amesema anaweza kuonjaonja. Nilimkuta daktari wa utafiti anamaliza kutoa kichupa chake. Nilimkaribia mume wangu na kikombe. Alionja kidogo, akaniambia asante, mama, uji mtamu sana.

Nilikaa chini. Uji ule ulikuwa umeungua, niliupika kwa haraka na harufu yake ilikuwa inasikika mpaka mlangoni. Mume wangu wa siku zote angeusema uji ule mpaka Krismasi. Nikamuuliza kuhusu jirani na televisheni yake. Akasema ni mtu mzuri. Nikamuuliza kuhusu mto. Mto hauna neno. Kila nilichomtajia kilikuwa kizuri. Alikuwa anapumua haraka, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kupanda ngazi, na vidole vyake nilipovishika vilikuwa baridi.

Daktari wa wodi alipita na kundi lake. Alimuuliza anajisikiaje, akajibiwa vizuri sana, daktari. Alimbonyeza tumbo, na mume wangu alitabasamu na meno yameumana. Daktari alifurahi. Hapakuwa na homa, presha ilikuwa chini kidogo lakini si ya kutisha, damu waliyompima jana yake ilikuwa na dalili za mtu yeyote aliyetoka kukatwa tumbo, na mgonjwa mwenyewe anasema hana maumivu. Kesho labda ataongezewa chakula. Wakahamia kitanda cha pili.

Nilimfuata nesi kwenye korido nikamwambia mume wangu hayuko sawa. Akaniuliza kwa makini kabisa nimeona nini. Nikamwambia halalamiki. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyotoka, na niliona jinsi uso wake ulivyolegea. Alinishika bega, akasema ni jambo zuri, anapata nafuu. Basi nikamwambia waangalie damu ya asubuhi, ile aliyochukua daktari wa utafiti, wanieleze inasema nini. Nesi akanieleza kwamba ile si damu ya wodi. Ile ni ya utafiti. Inazungushwa kwenye mashine, inagandishwa, inawekwa kwenye friza pamoja na za wengine. Hakuna anayeipima sasa hivi.

Sijui nieleze vipi kilichonipata pale. Nilikuwa nikiiegemea damu ile kwa siku zote hizo. Nilikuwa nimeiachia ulinzi. Na kumbe mlinzi wangu alikuwa amefungiwa kwenye friza, na mtu pekee aliyebaki kutoa habari za mume wangu ni mume wangu, ambaye alikuwa amekatazwa kusema.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo. Mtoto wa miaka miwili tumbo likimuuma anakuja, anakushika kidole, anakiweka pale panapouma. Hajui Kiingereza, hajui Kiswahili, lakini anajua hilo. Mume wangu alikuwa na lugha tatu na hakuna hata moja aliyoitumia.

Mchana wake walirudi, mchungaji na wale ndugu. Walisimama kumzunguka, wamemshika mikono na miguu, wakaanza kuimba kwa sauti ya chini. Nesi akaingia na mashine yake. Akasubiri kwa adabu mpaka wamalize ubeti, kisha akauliza maumivu ni mangapi.

"Sifuri," mume wangu alisema.

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mkono uliokuwa upande wangu ulikuwa umekamata chuma cha kitanda mpaka vifundo vimepauka. Nilimwambia nesi asiandike. Nilimwambia kwa Kiingereza, polepole, ili kusiwe na mtu wa kusema hakunielewa.

"He is lying to you. He has been lying since yesterday."

Mume wangu alifumba macho. "Mama, nyamaza," alisema.

Mchungaji aliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Mama, usivunje imani ya bwana yako," alisema. "Shetani anatafuta kinywa moja tu ya kuingilia."

Nikawaambia watoke. Nilimwambia mchungaji kwa jina la heshima lake, lakini nilimwambia atoke, na kila aliyekuja naye. Mwanamke wa kanisa letu hamfukuzi mchungaji. Hata mimi sikujua kwamba naweza. Walitoka mmoja mmoja, na wa mwisho aliendelea na wimbo ule huko korido, kwa hiyo nilikwenda nikafunga mlango.

Nesi aliweka kiganja juu ya tumbo la mume wangu na kulibonyeza. Mume wangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, si kabla wala baadaye. Tumbo lilikuwa gumu kama meza. Nesi alibonyeza kengele ya ukutani na chumba kikajaa watu. Sasa damu ilichukuliwa ya wodi, ya haraka, na majibu yalirudi mara moja: asidi imepanda kwenye damu, mwili unakosa hewa ya kutosha, maambukizi yamesambaa. Wakamkimbiza kwenye skani. Pale ncha mbili za utumbo zilipoungwa palikuwa panavuja, na kinyesi kilikuwa kinamwagika ndani ya tumbo lake, huku yeye akisema uji mtamu. Wakamrudisha chumba cha upasuaji kabla jua halijazama.

Aliamka baada ya siku kadhaa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini kabla hajaamka, asubuhi moja, akiwa bado na bomba la kupumulia mdomoni, alikuja daktari wa utafiti na kichupa chake. Alikuja kwa upole, anatembea kwa vidole kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Nilisimama kati yake na kitanda.

Nilimuuliza damu ya siku ya pili ilisema nini. Na ya asubuhi ya tatu. Alisema hajui. Nilimuuliza itajulikana lini. Alisema zote zitapimwa pamoja utafiti ukiisha, na hata hapo haitasemwa ipi ni ya nani. Nilimwambia basi damu ya mume wangu ilikuwa inapiga kelele kwenye friza lako, na wewe ulikuwa ukipita hapa kila siku ukitusalimia.

Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu sikutaka alie, nilitaka ajibu.

"Hatujui kama ilikuwa inapiga kelele," alisema hatimaye. "Ukimkata mtu tumbo, vile viashiria kwenye damu yake vinapanda. Wanaopona vinapanda, na wanaovuja vinapanda. Bado hatujui kutofautisha mapema. Tukianza kufungua watu kwa sababu ya namba tusiyoielewa, tutawaua ambao hawakuwa na shida."

Ilikuwa kweli. Nilielewa palepale kwamba ni kweli na niliichukia kama nisivyowahi kuchukia kitu. Kama angekuwa mzembe ningepata wa kumlaani. Alisema nina haki ya kukataa, na alikuwa ameshakirudisha kichupa mfukoni. Nilimwambia achukue damu yake. Nilimwambia siku watakapojua, wasikae na huo ujuzi kwenye makaratasi, waulete wodini. Kisha nikageukia dirisha mpaka alipomaliza.

Mume wangu alirudi nyumbani na mfuko wa kinyesi ubavuni na kidonda kirefu walichokiacha wazi kipone kutoka ndani. Nilikisafisha kila siku kwa miezi. Malalamiko yalirudi, namshukuru Mungu, na nasema hivyo bila kejeli. Lakini juu ya siku ile hatukuzungumza. Mara moja tu alisema kwamba nilimwaibisha mchungaji, na mimi nikaendelea kukunja bandeji kwa sababu ningefungua mdomo wangu majirani wangesikia. Jumapili aliyosimama kutoa ushuhuda, alisema madaktari walishindwa na Bwana akashinda, na kwamba kinywa chake hakikukiri ugonjwa hata mara moja. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mimi nilikuwa nimetoka, nimekaa kwenye gari, nimefunga vioo.

Nilijiambia kwamba aliamini. Hilo ndilo lililonisaidia kuishi naye. Nilijiambia kwamba mtu akiamini amepona, hakudanganyi, amejidanganya tu, na mtu wa namna hiyo unaweza kumkasirikia na bado ukamsugulia mgongo.

Halafu Jumamosi moja alikuja nyumbani ndugu mmoja wa kanisani, Mkongomani, mtu mzima kutuzidi, mmoja wa wale wanne waliokuja hospitali. Alikuwa amepewa siku ya kufanyiwa upasuaji. Wangemtoa kipande cha tumbo la chakula. Alikaa ukingoni mwa kochi, kofia magotini, akasema amekuja atiwe nguvu na mtu aliyeshinda. Mume wangu alikohoa, akajiweka sawa, akaanza kwa sauti ileile ya ushuhuda kwamba, ndugu yangu, siri yote iko kwenye kinywa.

Nilikuwa nimeshika birika. Niliona yule mzee anavyoitikia kwa kichwa, anavyoyameza yale maneno, na nilimwona amelala kwenye kitanda kile anasema sifuri.

"Vua shati," nilimwambia mume wangu.

Akaniambia tuko na mgeni. Nikamwambia mgeni ndiye ninayetaka aone, avue shati, au nitasimulia mimi. Tulitazamana. Kisha alifungua vifungo, akalipandisha shati mpaka kifuani. Kovu lilitoka chini ya mbavu mpaka chini ya kitovu, pana, lenye kung'aa, na pembeni mfuko. Yule mzee alitazama, na mkono wake ukaenda tumboni kwake mwenyewe.

Nilidhani atalishusha shati mara moja. Hakulishusha. Alibaki amelishika hivyo, hanitazami mimi, anamtazama mgeni.

"Siku ile mlipokuja kuimba," alisema, "wewe ulinishika mguu. Maumivu yalikuwa yanakuja mpaka sioni nyuso zenu. Nilikuwa najua nakufa. Tangu asubuhi nilikuwa najua. Nikasema heri nife kuliko mchungaji aaibike mbele ya yule nesi." Akalipandisha shati zaidi. "Wewe wakikuuliza, waambie."

Mgeni alisema ndiyo, ndugu, kwa sauti ndogo sana.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika langu, na miezi yote ya kumsafisha ilinirudia mkononi. Hakuwa ameamini. Alijua. Aliweka aibu ya mchungaji upande huu na maisha yake upande ule, akapima, akachagua, na kisha akaonja uji wangu ulioungua, akaniambia mtamu.

"Na mimi?" nilimuuliza. "Na watoto? Sisi ulituweka wapi?"

Alishusha shati. Alifunga kifungo kimoja kimoja mpaka kile cha shingoni ambacho hajawahi kukifunga. Mgeni alikuwa anaangalia kofia yake.

"Sikuwawaza," mume wangu alisema. "Nisamehe, mama. Sikuwawaza kabisa."

Niliweka birika mezani nikatoka uani. Lilikuwa jibu la kweli, lile nililolipigania wodini mbele ya kanisa zima, na sasa nilikuwa nimelipata.